Zamu ya Fundi Baridi

Jamani mnaosoma, ingieni kwanza pamoja nami katika nyumba moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Chumba cha mbele ni karakana. Friji mbili zimesimama zikiwa zimeupa mlango mgongo, mabomba yake ya shaba yako wazi, na fundi amechutama nyuma yake akisikiliza mota kama daktari anavyosikiliza kifua. Watu humwita Fundi Baridi, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu hajawahi kugombana na mteja. Katika chumba cha pembeni cherehani ya mkewe inakimbia na kusimama, inakimbia na kusimama. Na katika chumba cha kati ameketi mama mzazi wa fundi, blanketi magotini.

Mama huyu alikuwa mpiga taipu wa ofisi kubwa mpaka alipostaafu. Kisha kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia na kumvuruga kumbukumbu. Vidole vya mkono wa kushoto bado vilikuwa vikigonga juu ya blanketi, na mkwewe humtania kila apitapo na pini zake mdomoni.

"Mama, barua ya leo inakwenda kwa nani?"

"Kwa meneja. Nyamaza nisikosee."

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa. Hakuna aliyekuwa tajiri na hakuna aliyekuwa na huzuni.

Shida ya mama ilikuwa moja. Akili ilipomtoka, aliamini amechelewa kazini. Alivaa viatu, akachukua mkoba, akatoka kwa mlango wa uani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na barabara, na kando ya barabara mtaro mrefu wa maji ya mvua, uliojengwa kwa saruji na usio na kifuniko. Kwa hiyo muuguzi aliyemhudumia aliwafundisha mke na mume utaratibu wa wodini. Mgonjwa wa namna hii haachwi, alisema, anakabidhiwa. Anayempokea aseme kwa sauti, "Zamu yangu." Anayemkabidhi asisogee mpaka ayasikie maneno hayo.

"Kutikisa kichwa si kupokea," alisema muuguzi. "Kuguna si kupokea. Mdomo useme."

Waliufuata. Cherehani ikisimama, mke aliita kutoka chumbani, "Nataka kutoka!" Fundi aliweka bisibisi chini, akaenda kuketi karibu na mama yake, akajibu, "Zamu yangu." Ulikuwa utaratibu mzuri, na nasema hivyo hata baada ya yote yaliyotokea.

Siku moja mteja aliyekuwa akisubiri friji yake ijazwe gesi alikuwa ameinamia simu. Fundi akamchungulia begani.

"Unacheza nini, ndugu?"

"Ngome na Kadi. Unakusanya kadi za askari, unazipanga kwenye miraba, unamzingira mwenzako. Ni akili tu, fundi. Si mambo ya bahati."

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure bure?"

"Bure kabisa. Pakua uone."

Nisieleweke vibaya. Mchezo wenyewe si wa kijinga. Nimeuchunguza, na naweza kusema kwamba anayeucheza vizuri lazima afikiri hatua kadhaa mbele. Wachezaji wawili hupeana zamu, na zamu ina muda wake. Muda ukiisha hujacheza, umepoteza. Kadi kali hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua pakiti. Ya pili ni kucheza kila siku, bila kuruka siku, mpaka kasha lifunguke lenyewe. Fundi Baridi aliapa kwamba hatanunua hata pakiti moja, na alitimiza kiapo chake.

Kwenye ukurasa wa mchezo huo wachezaji huacha maoni yao na nyota. Huko ndiko fundi alikopata jina la pili. Mmoja aliandika, "Wenye pesa wanatupiga kama ngoma. Nyota moja." Mwingine, "Mchezo mtamu, lakini ukikosa siku moja umerudi nyuma wiki nzima." Fundi aliwajibu wote. "Sijalipa hata senti na niko ligi ya juu. Acheni kulia, jifunzeni kupanga." Majibu yake yalikuwa marefu, yenye mpangilio, bila matusi, na wachezaji wakaanza kumwita Mwalimu. Sasa alikuwa na kazi mbili zisizolipa: kucheza, na kuutetea mchezo.

Hata mezani alisoma maoni kwa sauti.

"Msikilize huyu. Eti mchezo unakula muda! Si aseme tu amepigwa."

"Umemjibu nini?" mkewe aliuliza.

"Nimemwambia muda si hela."

"Muuza maziwa amepita tena. Anasema friji yake imekaa hapa mpaka imeanza kuota kutu."

"Mwambie kesho."

"Mimi ndiye fundi?"

Fundi alicheka. Mkewe hakucheka. Tangu hapo fundi alianza kupokea zamu ya mama simu ikiwa mkononi, kisha akaanza kuipokea akiwa bado karakanani, kwa hoja kwamba mlango wa kati uko wazi na anaona. Alikuwa pia na tabia mpya ambayo yeye mwenyewe hakuijua: alizungumza na wapinzani wake. "Haya, jifiche. Utatoka tu." Watu wengi wakizama katika fikra midomo yao hufanya kazi bila wao. Wateja walimwona wakadhani anazungumza na mota.

Siku ya mkasa ilikuwa siku ya kawaida ya kazi. Mke alikuwa amemaliza kushona mapazia ya zahanati, na zahanati ilikuwa ikiyasubiri. Aliyakunja, akayafunga, akaita, "Nataka kutoka! Napeleka mapazia!"

Akasubiri. Wakati huohuo, karakanani, mpinzani wa fundi alikuwa akivuta muda. Hatimaye akaweka kadi yake.

"Zamu yangu!" fundi alisema kwa nguvu.

Mke akasikia alichofundishwa kusikia. Akajitwika furushi, akatoka kwa mlango wa uani. Wewe msomaji umekwisha kuelewa. Fundi alikuwa na yakini kwamba mkewe yupo ndani; mke alikuwa na yakini kwamba mumewe amepokea. Katikati ya yakini hizo mbili mama alivaa viatu, akachukua mkoba, akaenda kazini.

Kulikuwa na nafasi moja ya kumwokoa. Muuza maziwa aliingia karakanani kuulizia friji yake.

"Fundi, nimempita mama yako barabarani. Amevaa kama anakwenda ofisini."

"Yuko ndani na mkwewe," fundi alijibu, macho kwenye miraba. "Umemfananisha."

"Nimfananishe mama yako?"

"Nakuja, nakuja kwenye friji yako. Nipe dakika."

Muuza maziwa aliondoka akisonya. Fundi aliendelea mpaka pambano likaisha. Alishinda. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli.

Mama alikutwa ndani ya mtaro na watu waliokuwa wakipita, amelala ubavu ndani ya maji machache, nyonga imevunjika. Mkoba wake alikuwa ameuinua juu usilowe. Aliwaomba radhi kwa kuchelewa.

Hospitalini mambo yaligeuka kuwa mabaya kwa namna nyingine. Dada mkubwa wa fundi alifika, akamwona mama yake amefungwa mguu kwa uzito unaoning'inia, akamgeukia mke wa mdogo wake.

"Wifi, ulimwacha mama yangu ukaenda kuuza vitambaa?"

"Sikumwacha. Nilimkabidhi. Mume wangu alisema 'zamu yangu', nikaondoka."

"Sikusema," alisema fundi.

"Ulisema. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Naapa sikusema. Ningesema, si ningekwenda kukaa naye?"

Hoja yake ilikuwa na mantiki, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari. Dada alimjua mdogo wake tangu utotoni kuwa hasemi uongo, na kweli hakuwa akisema uongo. Basi ikabaki kwamba mwongo ni mke. Ndugu walikutana. Ilisemwa kwamba mama akitoka hospitali atachukuliwa na binti yake, na kwamba mshonaji arudi kwao kwa muda, "mpaka ajifunze kusema kweli". Mke alisikiliza mpaka mwisho. Alichosema ni kwamba hataomba msamaha kwa kosa asilolifanya, hata akirudishwa kwao na cherehani kichwani. Fundi aliangalia sakafu. Neno moja lake lingemsimamisha mkewe, lakini hakuwa na neno alilolikumbuka.

Ukweli ulijitokeza wodini, saa ya kutazama wagonjwa. Muuguzi alikuwa ameketi kando ya kitanda akimnywesha mama maziwa kwa kijiko. Dada alikuwa upande wa pili na wifi yake, akimweleza kwa sauti ya chini kuhusu kufungasha. Fundi alisimama dirishani, simu mkononi. Alikuwa amejiambia kwamba anafungua kasha la siku tu, asirudi nyuma.

"Zamu yangu!" alisema.

Muuguzi aligeuka. Alikuwa na wagonjwa wengine wengi. "Haya, pokea," akasema, akamnyooshea kikombe.

Fundi hakuinua macho. Kikombe kikabaki hewani.

"Umesema nini?" dada aliuliza.

"Nani?"

"Wewe. Sasa hivi."

"Sijasema kitu, dada."

"Hukusema 'zamu yangu'?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke mwenye bandeji kichwani, alijiinua kwa kiwiko. "Baba, umesema. Mimi nimepasuliwa kichwa, sijazibwa masikio."

Hakuna aliyecheka. Fundi aliitazama simu, kisha kikombe, kisha mkewe, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu anayesoma jina lake kwenye karatasi ya mahakama. Mke hakumsuta. Alizunguka kitanda, akakichukua kikombe mkononi mwa muuguzi.

"Zamu yangu," alisema, na muuguzi akaenda kwa wagonjwa wengine.

Siku hiyohiyo dada alimwita pembeni. "Wifi, nilikukosea."

"Ulinikosea," mke alijibu. "Nimesikia."

Ningependa kuwaambia kwamba mama alipona. Hakupona. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule hauna haraka ya kuunga, na mama hakusimama tena kwa miguu yake. Alirudi nyumbani kwa fundi kwa machela. Ofisi haimwiti tena, kwa hiyo hakuna anayehitaji kumlinda asitoke.

Fundi aliufuta mchezo. Kabla ya kuufuta aliandika maoni yake ya mwisho, akaeleza kisa chote bila kujipendelea, akatoa nyota moja. Majibu yalikuja upesi. "Pole, Mwalimu." "Si wewe uliyesema muda si hela?" "Sisi pia tuna wazazi na tunacheza. Usiutupie mchezo uzembe wako." Hili la tatu lilikuwa na haki yake, na fundi hakulijibu.

"Wamesemaje?" mkewe aliuliza.

"Wananipa pole." Akaisukuma simu mbali. "Mmoja anauliza kama akaunti naiacha. Anataka nimpe kadi zangu."

Mke bado anaishi naye. Cherehani ameihamishia chumba cha kati, mguuni mwa kitanda cha mama. Fundi akiingia na kusema kwamba anapokea, mkewe humtazama kwanza mikono. Huiona mitupu, humshukuru, na haondoki.

FUNZO

Neno "bure" katika lugha yetu lina maana mbili: kisicholipiwa, na kisicho na faida. Anayekupa kitu cha bure hakwambii amekusudia maana gani. Mchezo ambao hauchukui fedha yako lazima uchukue kitu kingine, kwa kuwa waliouunda nao wanakula. Fundi Baridi aliulinda mfuko wake kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu macho yake.

Sisemi tusicheze. Nasema kwamba anayepokea mzee, mtoto au mgonjwa ampokee kwa mwili: aache alichoshika, amfikie, amguse, ndipo aseme. Na anayekabidhi asiridhike na sauti itokayo chumba kingine.

La mwisho ni kuhusu hayo maoni. Nimesoma mengi sana ya mchezo ule. Wachezaji wanabishana kama kadi ni za haki, kama wenye pesa wanapendelewa, kama zamu ni fupi mno. Yote yameandikwa na wanaocheza. Ukitaka kujua mchezo unagharimu nini katika nyumba yako, usiende kusoma nyota. Muulize anayekaa nawe asiyecheza, na akikujibu, weka simu chini umsikilize.