Nyasi za Bwana na Nyasi za Lumemo

Mwaka wa 1908 Digna na mumewe Raimundi waliishi Ifakara, karibu na mto Lumemo. Walikuwa na mtoto mmoja, Rosa. Walilima mpunga bondeni na mboga nyuma ya nyumba. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha. Njaa haikuwa imekwisha, maana askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wamechoma mashamba na maghala ya watu.

Kila asubuhi Digna alikwenda mtoni kuteka maji. Lakini maji hayo hayakwenda nyumbani kwake. Yalikwenda kunyweshea nyasi.

Ukingoni mwa Lumemo palikuwa na nyumba ya kupumzikia wakubwa wa serikali. Bwana mmoja Mdachi alileta mbegu za nyasi kutoka Ulaya. Alitaka uwanja wa nyumba ile ufanane na wa kwao. Watu waliamriwa kung'oa nyasi zote za asili mpaka ukingoni kabisa, kisha wakapanda zile za kigeni. Kiangazi kilipofika, nyasi hizo zikaanza kukauka. Akida, yaani msimamizi aliyewekwa na serikali, akatoa amri: kila nyumba imwagilie mitungi kumi kwa siku.

"Mitungi kumi!" Digna alimwambia mumewe. "Mboga zetu zinakufa. Rosa anakula mizizi ya porini. Na mimi nanywesha nyasi za mtu anayekuja hapa mara mbili kwa mwaka!"

"Punguza sauti, mama Rosa," alisema Raimundi. "Umesahau yaliyompata Dionisi?"

Digna hakusahau. Jirani yao Dionisi alipeleka mitungi sita tu. Alilazwa chini akapigwa viboko mbele ya watoto wake.

Basi wakamwagilia kiangazi chote.

Masika yakaja. Lumemo ukafurika. Kwa siku mbili tu maji yalibandua zile nyasi za kigeni, na udongo wa ukingo ukaporomoka. Mchanga ukafunika shamba la mpunga la Digna lote. Hata baraza ya nyumba ya wakubwa ikabaki inaning'inia.

Akida aliwaita watu. Alikuwa amekasirika.

"Hamkumwagilia vizuri!" alisema. "Gunia jingine la mbegu limeletwa. Mtapanda upya."

Digna alijipenyeza mbele ya watu. Alisahau viboko.

"Akida, mpunga wangu uko chini ya mchanga," alisema. "Ukingo huu ulikuwapo tangu bibi zetu. Haukuanguka mpaka mlipotuamuru tung'oe nyasi zake. Leo kosa ni letu?"

Raimundi akamshika mkono mkewe. Ndipo akatokea Klementina, mwanamke wa makamo aliyekata nyasi za kuezekea nyumba tangu alipokuwa msichana. Alishika mafungu mawili ya nyasi, yote yana mizizi.

"Akida, tazama mwenyewe," alisema. "Hizi ni za Bwana. Mizizi yake haizidi urefu wa kidole. Na hizi ni za kwetu, nimezichimba kule ng'ambo ambako ukingo haukuanguka. Mizizi yake ni mirefu kuliko mkono wangu. Hii ndiyo inayoshika udongo."

Akida aliitazama mizizi. Kisha aliitazama baraza.

"Nyumba hii ikianguka, nitaulizwa mimi," alisema polepole. "Haya, pandeni za kwenu. Lakini zikishindwa, mume wa huyu mwenye mdomo atapata viboko ishirini na tano."

Njiani Digna alilia. "Baba Rosa, nimekuponza."

"Umesema yaliyo moyoni mwa kila mtu," alijibu Raimundi. "Sasa twende tukafanye kazi."

Walianza kukusanya mbegu kule ng'ambo zilipokomaa, mvua zilipokwisha.

"Shikamoo, shangazi," alisema Digna. "Tukate zipi?"

"Marahaba. Zisiwe za aina moja," alisema Klementina. "Ndefu za kuezekea zina mizizi ya kwenda chini. Hizi fupi hufunika udongo ili mvua isiupige. Ukoka hutambaa na kufunga ukingo. Aina moja ikiugua, nyingine itabaki."

"Nitajuaje kwamba mbegu imekomaa?"

"Sugua kishada cha mbegu mkononi. Mbegu ikitoka yenyewe, iko tayari. Na usimalize zote mahali pamoja. Acha nyingine zijiotee."

Walianika mbegu kivulini na kuzitunza kwenye vibuyu vikavu. Walichimba mabaki ya nyasi za kigeni pamoja na mizizi yake, wakayachoma. Mvua za kwanza ziliponyesha, Raimundi na Dionisi walikwaruza udongo kidogo tu kwa jembe. Digna alichanganya mbegu na mchanga ili zienee sawasawa.

"Usizizike," Klementina alionya. "Mbegu ndogo ikifukiwa sana haioti. Mwaga, kisha kanyaga."

Ukoka waliupanda kwa vipande vya mashina. Pale maji yanapogusa ukingo, walipanda mizizi ya matete. Wakazungushia miiba ili mbuzi wasiingie mwaka ule. Hakuna aliyebeba mtungi hata mmoja. Mvua ilitosha.

Mwezi wa nne mwaka wa 1910 Lumemo ukafurika tena. Digna alisimama mvuani, akitazama. Maji yalipanda, yakalaza matete, yakapita juu ya nyasi. Yaliposhuka, ukingo ulikuwa pale pale. Mpunga wake ulikuwa umesimama.

Baadaye Bwana akaja. Alikagua uwanja, akauliza ni nani aliyeuokoa ukingo.

"Ni mimi, Bwana," alisema akida. "Nilichagua nyasi mwenyewe."

Digna akapiga hatua mbele.

"Kama ni wewe, akida, mtajie Bwana majina ya nyasi hizi."

Akida alitazama nyasi. Hakujua hata jina moja. Klementina akataja jina la ile ya kwanza. Dionisi akataja la pili, kwa sauti kubwa. Kisha wanawake wote wakaanza kutaja, moja baada ya jingine, mpaka hapakubaki jani lisilo na jina.

Bwana hakuomba radhi. Aliandika kitu kwenye karatasi, akasema amri ya mitungi imefutwa. Mwaka ule Digna alivuna mpunga wa kutosha, na akawapa mbegu za nyasi watu wa kila kijiji kilichokuwa na ukingo unaoporomoka.