Waliniita Kamanda, Nikampiga Aliyemlimia Mama Yangu

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mabamba, wilaya ya Kibondo. Nina shahada ya sosholojia. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha kidole kila kipindi: nani kasema? Ushahidi uko wapi? Wahadhiri walinichoka!

Lakini ndugu wasomaji, ipo siku moja sikuuliza... na siku hiyo nilimharibu mtu.

Kabla ya chuo niliongoza vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji chetu. Mpaka wa Burundi uko karibu na mifugo iliibwa sana. Vijana waliniita Kamanda. Desturi yetu ilikuwa moja: mtuhumiwa hapigwi mpaka Kamanda atangulie. Fimbo yake ikishashuka, hakuna tena wa kuzuia.

Niliporudi na shahada bila kazi, nilikuta jina linanisubiri. Moyoni nilishalichoka. Nilijua tunaumiza watu bila kuwasikiliza. Lakini bila Kamanda ningekuwa nani? Msomi anayeshinda amelala kwa mama yake? Nikalivaa tena...

Siku ya gulio, saa nne asubuhi, jirani alipiga yowe kwamba mbuzi wake ameibwa. Tukatawanyika. Kwenye njia ya mpakani tukamkuta Nestori, mkimbizi wa zamani aliyepata uraia, anavuta mbuzi jike mweusi. Alisema amepewa. Tulipomuuliza na nani, alinitazama mimi.

"Kamuulize mama yako, Kamanda."

Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Oya, anamtaja bi mkubwa! Kamanda, chuo kimekulegeza nini?"

Nyumbani palikuwa mwendo wa dakika kumi. Dakika kumi tu! Badala ya kwenda kuuliza, nikainua fimbo...

Ilimpata jichoni. Akaanguka. Kisha yakashuka marungu, mateke, mawe. Nilisikia mfupa wa mkono ukivunjika. Alikuwa akiwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na mimi nimesimama naangalia.

Mama alikuja mbio, kanga imemdondoka, akajitupa juu yake. "Mwana wanje, mwanangu, umeua! Mbuzi nimempa mimi! Miaka mitatu uko chuo, nani alikuwa ananilimia mahindi?"

Mbuzi wa jirani alipatikana mchana ule ule, kwenye shamba la mihogo.

Nestori hakufa. Lakini jicho halipo, na mkono wake wa kulia haushiki jembe. Kijiji kilikubaliana kusema aliumizwa na watu wasiojulikana. Nami nikakubali... siku kumi na moja nzima! Siku ya kumi na mbili nilipanda bodaboda hadi polisi Kibondo, nikasema fimbo ya kwanza ilikuwa yangu, na wenzangu nikawataja.

Nilipotoka kwa dhamana walinivizia njiani. "Msaliti! Elimu yako peleka huko huko!" Walinivunja mbavu mbili na meno ya mbele. Sikurudisha hata konde. Nisiwadanganye, niliogopa kufa... ila sikutamani kuwa Kamanda tena.

Sasa naishi Kasulu, nasubiri hukumu. Nilimwomba Nestori msamaha. Aligeukia ukutani. Ana haki.

Wewe unayesoma, kama lipo jina ulilopewa na wenzako nalo limeshakubana moyoni, livue leo, nakusihi! Livue hata kama utabaki huna cha kuitwa, hata kama watakucheka. Mimi nililivua nimechelewa... na jicho lililopotea si langu.