Delphin wa Toleo la Kwanza

Kipaza sauti cha zahanati kiliita "Kambale Delphin", na kwenye benchi tupu mtu akaitika: "Niko."

Adeline, aliyetunza programu ya kuita wagonjwa, aliruka kitini, akatoka mbio hadi ukumbini. Delphin alikuwa kaka yake, aliyeuawa Djugu miaka mitatu iliyopita. Juu ya benchi palikuwa na tope bichi, likinuka moshi wa nyumba iliyochomwa.

"Chef, uliondoa ile entête, ule mstari wa juu?" alimuuliza Gustave, mkuu wake.

"Ilikuwa inaleta makosa. Sasa inatembea, si unaona?"

Adeline alitamani kumrushia kibodi. Amemwambia mara ngapi! Kila ombi lililokwenda kwa seva lilibeba mstari wa kutaja toleo la pili la orodha ya wagonjwa. Ukiuondoa, seva haiulizi kitu. Inakupa toleo la kwanza, la kabla ya mauaji ya Djugu, ambamo wafu wote bado wazima. Bibi yake aliyajua hayo bila kompyuta. Kwao Wanande kila mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, basi ukimwita mtu sharti useme Kambale yupi, la sivyo ataitika wa kwanza, na wa kwanza yuko kaburini.

"Na leo mama anakuja kukamata dawa ya tension, ile presha yake," alinong'ona. "Akisikia ile sauti, ataifuata."

"Imani za kijinga," Gustave akacheka.

Mjinga ni nani hapo? Adeline alirudi mbio kwenye mashine, akauandika mstari, akakosea, akaufuta, akauandika tena, na nyuma yake kipaza sauti kikamwita Delphin, na ukumbini sauti ya mama ikasema, "Mutoto wangu, ngojea, niko nakuja," na harufu ya moshi ikajaa chumba kizima hadi alipobonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Kimya. Moshi ukaisha.

Ukumbini alikuta kandambili za mama mbele ya benchi, zimejaa tope. Alirudi kwenye mashine, akatafuta jina la mama, Bernadette, katika toleo la pili: halipo. Akafungua la kwanza. Lilikuwa pale, chini ya la Delphin.

"Iko muzuri sasa?" aliuliza Gustave.

Adeline alimpa mgongo mpumbavu yule. Aliufuta ule mstari wa toleo la pili kwa mkono wake mwenyewe, akaliita jina la mama.

"Tuko," zikaitika sauti mbili kwenye benchi tupu.