Nilipanda Mgongoni mwa Mama Mkwe kwa Sababu ya Wivu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, ninaishi Kitengela na watoto wangu watatu, wawili wao pacha. Mume wangu anafanya kazi Kajiado. Hulala huko katikati ya wiki na kurudi nyumbani Ijumaa jioni. Ukituona kanisani Jumapili utasema hii ni familia isiyo na doa. Ungejua!

Kijijini kwetu, kule magharibi, mama aliyezaa pacha ana heshima ya pekee. Mtu akiumwa na mgongo, mama pacha huitwa amkanyage. Mgonjwa hulala kifudifudi, naye mama hupanda mgongoni bila viatu na kutembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani. Nimewakanyaga wajomba, mashemeji, hata mwalimu mkuu mstaafu. Wote waliinuka wakinisifu. Kama walipona kweli au walinionea haya tu, sijui.

Heshima hiyo niliihitaji, wasomaji wenzangu. Kabla ya pacha, mama mkwe hakuniona kuwa mtu. Ugali wangu ulikuwa mbichi, sauti yangu ilikuwa kubwa, kila kitu changu kilikuwa na kasoro. Pacha walipozaliwa ndipo alipoanza kunitaja kwa wema mbele za watu.

Mwaka jana mgongo wake ulianza kumsumbua hadi akashindwa kuinama kuchuma mboga. Mume wangu akamleta kwetu Kitengela. Nikasubiri aniombe nimkanyage... hakuomba! Mume wangu alikuwa ameshamtafutia tabibu wa uti wa mgongo, wale wanaoitwa makairopraktiki, aliye na kliniki si mbali na nyumbani.

Tabibu alitazama picha za eksirei, akasema mifupa ya mama imedhoofika kwa umri, kwa hivyo hatamnyoosha kwa nguvu. Alimshika kwa mikono miepesi, kisha akamfundisha mazoezi. Alale chali, akunje magoti, ainue kiuno pole pole. Apige magoti kama mtoto anayetambaa, akunje mgongo na kuulegeza. Atembee kila asubuhi. Halafu akanigeukia mimi na kunionya kwamba mama asikandwe kwa nguvu wala asikanyagwe na mtu yeyote. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilimcheka... kwani yeye amezaa pacha lini?

Mama akaanza kupata nafuu. Alitandika mkeka sebuleni akafanya mazoezi yake huku wajukuu wakimwiga. Kisha alitembea hadi kwa jirani yetu Mmasai anayetuuzia maziwa, wakaamkiana "Sopa!" na "Epa!" na kucheka kama wasichana. Kwa simu aliwasimulia watu wa nyumbani habari za daktari wake, daktari wake, daktari wake! Mimi niliyempikia na kumfulia sikutajwa. Niliona wivu. Ndiyo, niliona wivu kwa sababu mama mkwe alikuwa anapona bila mimi!

Asubuhi moja ya baridi aliamka mgongo umekaza. Ilikuwa siku yake ya kwenda kliniki. Nikamwambia hakuna haja.

"Lala hapo chini, Mama. Dawa yako niko nayo mimi."

"Lakini daktari alikataa, Mama Pacha."

"Huyo anajua nini mambo ya kwetu? Ama siku hizi mimi sifai?"

Akalala kifudifudi. Nafikiri hakutaka kuniudhi ndani ya nyumba yangu. Nikavua viatu, nikapanda.

Sikufika mabegani... Mama alipiga kelele, nikaruka chini. Alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Miguu yangu iko wapi?" aliniuliza.

Hospitalini waliniambia pingili ya mgongo imevunjika na inabana mishipa. Mume wangu alikuja mbio kutoka Kajiado. Alipouliza nini kimetokea, mdomo wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili. Nikasema ameteleza bafuni! Mama alikuwa amelala pale pale, akinisikia. Mwanawe akamgeukia.

"Ni kweli, baba," mama akamwambia. "Niliteleza."

Alipasuliwa, akarudi nyumbani akitembea kwa kushikilia chuma cha miguu minne, akiburura mguu mmoja. Shamba lake alilolipenda analisikia kwa simu tu.

Na mume wangu je? Vigae vya bafuni alivichagua yeye mwenyewe, vya kung'aa, akajivunia sana. Alivibomoa vyote kwa nyundo, akamwaga saruji yenye mikwaruzo na kufunga vyuma vya kushikilia. Kila Ijumaa aliketi kando ya kitanda cha mama akimwomba msamaha. Nami nilikuwa nawaletea chai! Nilimwambia pole, asijilaumu. Mtu wa aina gani anafanya hivyo?

Jumamosi moja nilimsikia mume wangu akiwaambia pacha kwamba Kukhu, nyanya yao, alilemaa kwa sababu baba yao alipenda vitu vya kupendeza. Nikashindwa kuvumilia. Nilimvuta chumbani nikamwambia yote, nikilia.

Hakunifokea. Alitoka, akaenda kumuuliza mama yake. Nilisimama mlangoni nikisikiliza.

"Ni mimi nilimlazimisha," mama akajibu. "Yeye alikuwa anakataa. Usimsumbue mama ya watoto."

Uongo mtupu! Mume wangu aliujua, nami niliujua. Siku hizi kuna Ijumaa anazorudi nyumbani, na Ijumaa ambazo hupiga simu tu kuwasalimia watoto na mama yake.

Ndugu zangu, mgongo wa mtu si mahali pa kutafutia sifa. Mzazi wako akiumwa, mpeleke kwa aliyesomea kazi hiyo. Simamia mazoezi aliyopewa, tembea naye asubuhi, na ukiambiwa usifanye jambo, usilifanye! Nawe mama pacha mwenzangu, ukiitwa ukakanyage mtu, kataa. Wacha wakuseme.

Madaktari wamemruhusu mama mkwe aanze mazoezi tena, kidogo kidogo. Mimi ndiye ninayemsaidia kuinua ule mguu mzito. Tukimaliza, hunishika mkono na kunishukuru. Heri angenipiga kofi!