Kalamu ya Hadidja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chimène alifagia uwanja wa nyumba yao mtaani Mangobo, akaosha sufuria za jana, kisha akapita kwa Mama Ramla kununua mikate ya moto. Mama Ramla aliikaanga kando ya barabara. Binti yake, Hadidja, alikaa benchi moja na Chimène darasani, na wasichana hao wawili walikwenda shule pamoja, wakila njiani na kukwepa pikipiki.

Wiki ile Chimène alikuwa na habari moja tu mdomoni. Tantine Nadège, mdogo wa mama yake, alikuwa amefika kutoka Kinshasa kama mtafiti mgeni katika kituo cha utafiti wa mionzi kilichoko nje kidogo ya mji. Alikuja na mbegu za mpunga kutoka Basoko. Alitaka zipigwe mionzi, kisha zipandwe, ili atafute mche utakaovumilia mafuriko ya mto. Naye ndiye aliyewaombea wanafunzi wa darasa la sita ruhusa ya kukitembelea kituo.

"Kule mimi niko kama nyumbani," Chimène aliwaambia wenzake. "Tantine yangu ndiye mkubwa wa pale."

Haikuwa kweli, lakini wenzake walimtazama kwa heshima, naye akaipenda heshima hiyo.

Siku ya ziara, mwalimu wao, Maître Aboubakar, aliwapanga mstari mbele ya kituo. Papa Moïse, mkuu wa usalama, aliwapokea mlangoni. Kila mmoja alipewa koti jeupe, na kwenye mfuko wa koti kilibanwa kifaa kidogo chenye umbo la kalamu.

"Mionzi haionekani, hainuki, wala huisikii inapokupata," alisema Papa Moïse. "Humu ndani msitegemee macho yenu. Tegemeeni kalamu hii. Ukiielekeza kwenye mwanga na kuchungulia, utaona uzi mwembamba. Uzi ukiwa kwenye sifuri, vizuri. Ukikimbilia mwisho kabisa, huenda mwenye kalamu amepata mionzi mingi. Kwa hiyo, hakuna kuitoa, hakuna kuichezea, hakuna kubadilishana. Ikianguka, uzi unaweza kukimbia bure; niambieni palepale. Tena hakuna kula humu, na hakuna kuvuka mstari wa njano."

"Hata Tantine Nadège?" aliuliza Chimène kwa sauti, ili wote wakumbuke tantine ni wa nani.

"Yeye ndiye wa kwanza," alijibu Papa Moïse. "Awe daktari, awe mwanafunzi, mgeni ni mgeni." Nadège alicheka na kuonyesha kalamu iliyobanwa kwenye koti lake.

Ziara ilikwenda vizuri. Waliona chumba chenye kuta nene, wakaona pakiti za mbegu zikiingizwa na kutolewa, na hakuna aliyevuka mstari. Walipotoka, waliambiwa watundike makoti kwenye misumari ya ukumbini, wakanawe mikono, kisha warudi ili kalamu zisomwe.

Chimène alinawa haraka akatangulia kurudi. Ukumbini hapakuwa na mtu. Alitaka ausome uzi kabla ya wengine, ili wakija awaambie, "Mimi nimeshasoma yangu." Akaichomoa kalamu yake, akaielekeza dirishani. Vidole vyake vilikuwa bado na maji. Kalamu ikateleza, ikagonga sakafu ya saruji.

Aliiokota akachungulia. Uzi haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umekimbilia mwisho kabisa.

Aliwasikia wenzake wakija huku wakicheka. Aliwaza jinsi Maître atakavyomtazama, na jinsi Tantine atakavyoona haya mbele ya Papa Moïse. Koti lililotundikwa jirani na lake lilikuwa la Hadidja. Bila kufikiri zaidi, alichukua kalamu ya Hadidja akaibana kwenye koti lake mwenyewe, na ile iliyoanguka akaiweka mahali pake.

Kila mmoja alichukua koti lake, wakapanga mstari. Papa Moïse alizisoma kalamu moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwa Hadidja, alichungulia, akapangusa kioo, akachungulia tena.

"Mwanangu, ulivuka mstari wa njano?"

"Hapana, Papa."

"Ulibaki peke yako mahali popote?"

"Hapana, Papa."

"Kalamu ilikuponyoka?"

"Sikuigusa kabisa," alisema Hadidja, midomo ikianza kumtetemeka.

Papa Moïse aliwageukia wote. "Nani ameona kalamu ikianguka? Semeni. Hakuna atakayepigwa."

Chimène alitazama sakafu.

Basi kila kitu kikasimama. Chumba kilifungwa. Kazi ya Nadège ilisimamishwa, na mbegu zake zikabaki ndani. Hadidja alipelekwa hospitali kupimwa damu. Mama Ramla alifika mbio, mikono yake bado ina unga hadi kwenye viwiko.

"Mutoto yangu iko wapi?" alipiga kelele. "Mumemufanya nini mutoto yangu?"

Majibu ya kwanza ya damu hayakuonyesha ubaya, lakini daktari alisema damu lazima ipimwe tena na tena kabla ya kuwa na hakika. Mtaani watu hawakungoja. Walisema mtoto wa Mama Ramla ameungua kwa ndani, na wateja wakapungua kwenye mikate yake. Siku chache baadaye, Hadidja aliporudi darasani, mwenzao Eddy alihamisha benchi lake. "Asituambukize," alinong'ona. Maître Aboubakar alimkemea, akaeleza kwamba mtu aliyepigwa na mionzi ya namna ile haambukizi wenzake. Hata hivyo, mapumziko yalipofika, Hadidja alikaa peke yake.

Chimène alikwenda kukaa karibu naye.

"Wewe peke yako hujaniogopa," alisema Hadidja. Akakata mkate wake vipande viwili, akampa Chimène kimoja.

Chimène alikishika kile kipande, akashindwa kukila. Uso ulimwaka moto. Kama Hadidja angemtukana, angevumilia, lakini asante ile hakuiweza. Jioni alimkuta Nadège ameketi jikoni mbele ya sahani ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, ambayo hakuwa ameigusa.

"Tantine, kalamu ile ilikuwa yangu," alisema, na machozi yakamtoka. Akasimulia yote.

Nadège hakumpiga. Aliisogeza sahani kando, akasema, "Vaa viatu. Kabla mimi sijakusamehe, kuna mtu unayepaswa kumwambia."

Walimkuta Mama Ramla uwanjani, amekaa na Hadidja. Chimène alipiga magoti akakiri. Hadidja aliinuka akaingia ndani. Mama Ramla alimtazama Chimène.

"Kila asubuhi nilikuwa naangalia mto wake wa kulalia," alisema polepole, "nione kama nywele zimeanguka."

Chimène hakuwa amejua kwamba sentensi moja inaweza kumfanya mtu atamani ardhi immeze. Alilia mpaka Mama Ramla mwenyewe akamwambia asimame.

Usiku huohuo Nadège alimpigia simu Papa Moïse. Kesho yake asubuhi Papa Moïse alilinganisha namba zilizochongwa kwenye kalamu na orodha ya waliopewa, akakuta ni kweli, zilibadilishwa. Kisha akaja shuleni. Mbele ya darasa zima, Chimène alieleza kosa lake kwa mdomo wake, bila kuruka kitu. Eddy aliinamisha kichwa. Papa Moïse aliwahakikishia wote kwamba Hadidja ni mzima. Uzi ulikimbia kwa sababu kalamu ilianguka.

Hadidja alinyanyua macho. "Bado nimekukasirikia," alimwambia Chimène. "Nimekukasirikia sana." Lakini alisogeza mfuko wake wa vitabu kwenye benchi, na Chimène akaketi.

"Na mimi nina kosa langu," alisema Papa Moïse. "Nilipaswa kulinganisha namba siku ileile. Niliogopa kwa ajili ya mtoto, nikasahau. Leo nimelisema kwa wakubwa wangu. Chumba kitafunguliwa, na mbegu za Nadège zitaendelea." Akamgeukia Chimène. "Kalamu kuanguka ni jambo dogo, mwanangu. Hata mimi zimeniponyoka. Ungesema, ningekupa nyingine na ungeona haya kidogo tu, mpaka muda wa kula. Lakini aibu yako ulimtwika mwenzako, naye na mama yake wakaibeba bila kujua ni ya nani. Kanuni za usalama zinasimama juu ya mtu kusema kweli. Mtu akificha, hakuna kifaa kitakachotulinda. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."