Kompyuta Isiyo na Skrubu

Jua lilikuwa linazama Ghizlan alipoingia soko la Derb Ghallef, Casablanca, kompyuta yake ya mpakato ikiwa kwapani. Alifuata memori mpya tu. Alikuwa mfasiri wa hati za mahakama, na mashine ilikuwa imeanza kukwama katikati ya kazi.

Dada yake hakuacha kumsimanga. "Dirhamu elfu kumi na mbili! Kwa hela hiyo ungepata mbili nyembamba, na chenji ya viatu."

Kweli ilikuwa nene, nzito, na bawaba yake aliisubiri wiki tatu kutoka ng'ambo. Lakini huu ulikuwa mwaka wa tano. Betri alibadilisha mwenyewe, jikoni, chai ikichemka. Vitufe pia. Hakuna faili lililowahi kupotea.

"Memori tu, bibie?" fundi Bouchta alimtania kibandani kwake. "Wateja wote wakiwa kama wewe, nitakufa njaa." Akaingia stoo ya nyuma kuitafuta.

Adhana ya magharibi ikaisha. Taa ya kibanda ikafifia... ikafifia...

Harufu ya udongo mbichi.

Kama kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama mbele ya meza, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi. Ghizlan hakumsikia akija. Mwanamke akaweka mezani kompyuta nyeusi, nyembamba kama sahani, isiyo na mshono wala skrubu hata moja.

"Tubadilishane," alinong'ona. "Yangu haiharibiki. Haitaki fundi. Bure."

Ghizlan akaigusa. Ilikuwa na joto, kama shingo ya mtu mwenye homa.

"Inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi."

Ngo.

Ngo, ngo.

Kitu kilibisha kutoka ndani. Ghizlan akainamisha sikio. Sauti ya mwanamume, ya mbali: "Usikubali, dada... Mimi nilikubali."

Aliijua sauti ile. Lahsen, fundi wa kibanda cha pili. Mwezi uliopita alijisifu soko zima kwamba kapata kompyuta ya bure. Jioni hiyohiyo akaanguka, na tangu hapo yuko kitandani, macho wazi, hasemi neno.

Hasira ilimpanda Ghizlan kuliko hofu.

"Nisichoweza kukifungua si changu, mama," alisema. "Na huyu si wako."

Akanyakua patasi ya Bouchta, akaichomeka ukingoni, akakandamiza kwa uzito wake wote.

Yowe.

Si la yule mwanamke. La mashine.

Ikapasuka. Ndani hamkuwa na waya wala betri. Nywele zilizosokotwa, kucha, na pumzi ndefu ya joto iliyompita usoni. Alipoinua macho, mwanamke hakuwepo.

Bouchta alitoka stoo mbio, simu yake ikilia. Aliyepiga alikuwa mke wa Lahsen, analia huku anacheka.

"Kaongea, fundi! Kaongea!"

"Kasema nini?"

"Anasema... huko alikokuwa, wako wengi."

Bouchta aliangalia vile vipande. Ghizlan akanyoosha kiganja. "Memori yangu, fundi. Kazi inanisubiri."

Kesho yake, kwenye tramu, msichana wa chuo aliketi kando yake, amepakata kitu cheusi, chembamba. Ghizlan akakagua kingo zake zote. Akatega sikio.

Ngo.

Akaingiza mkono mkobani, akashika bisibisi.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "hiyo umepewa na nani?"