Kompyuta ya Misiera Yakataa Kuwaka

Kila Jumamosi Eugénie alichota maji mapema, akafua sare yake ya shule, kisha akakimbilia ukumbi wa vijana wa kanisa pale kijijini Misiera. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kukasirika. Mwaka ule wa 2012 vijana wa ukumbi walikuwa wamelima mahindi msimu mzima. Walipoyauza, Mwalimu Marthe alikwenda Mbarara kununua vipande vya kompyuta ili waiunde wenyewe.

Siku ya kuiunda ilipofika, kazi walipewa wasichana wawili. Uwamariya, aliyesoma darasa moja na Eugénie, alichomeka RAM, kile kijibamba cha kumbukumbu. Eugénie alipanga kebo. Alizifunga zikanyooka vizuri, akajisifu mbele ya wenzake.

Mwalimu Marthe alitoka kwenda kuwasha jenereta. Eugénie akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, watoto wakapiga makofi. Lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Akazima, akawasha tena. Nyeusi tii.

Hasira zikampanda. "Ni wewe!" akamgeukia Uwamariya. "Nilikuona ukiikandamiza ile RAM kama mtu anayeshindilia nguo kwenye gunia! Umeivunja!"

"Sikuvunja kitu. Ilikaa fasi yake, Mwalimu aliona."

"Tumelima msimu mzima, wewe umeharibu kwa siku moja! Toka humu!"

Wenzao wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema ni kweli, mikono ya Uwamariya ni mizito. Uwamariya akawatazama kwa ghadhabu. "Wakati wa palizi hamkuisema mikono yangu," alisema. "Leo mnanifukuza kama kuku!" Akatoka na kuubamiza mlango.

Mwalimu Marthe alirudi akauliza kulikoni. Alipoelezwa, uso ulimbadilika. "Nani amepima, mpaka mjue ni yeye?"

"Kama si yeye," Eugénie akafoka, "basi yule muuzaji wa Mbarara alituuzia vitu vibovu!"

"Haya. Ni likizo. Jumatatu tutakwenda wote wawili, ukamwambie mwenyewe."

Jumatatu Eugénie aliipakata kompyuta garini kutoka Misiera hadi Kaberebere, na kutoka Kaberebere hadi Mbarara, huku akiyapanga maneno makali kichwani. Duka lilikuwa la mama mmoja Munyankore, mwenyeji wa huko, aitwaye Constance. Eugénie aliitua kompyuta mezani hata kabla ya kusalimu.

"Madamu, umetuuzia kompyuta mbovu. Umetuibia!"

Wateja wakageuka. Constance akasimama taratibu. "Wewe mtoto, unaniita mimi mwizi? Ndani ya duka yangu?" Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, na sauti yake kama ya askari. "Mimi sigusi kitu. Wewe utafungua, wewe utatafuta. Kama iko mbovu, nabadilisha sasa hivi. Kama iko mzima, utaniomba samahani mbele ya hawa watu."

"Nitafungua!" Eugénie akajibu.

Constance akampa spika ndogo aichomeke kwenye bodi, lile bamba kubwa linaloshika vipande vyote. "Sasa toa RAM. Washa."

"Lakini bila RAM haiwezi kufanya kazi."

"Najua. Lakini prosesa, ile inafanya hesabu yote, kama iko macho itapiga kelele kuuliza RAM iko wapi. Washa!"

Eugénie akawasha. Feni ikazunguka. Hakuna kelele.

"Umesikia kitu?"

"Hapana."

"Basi usiseme RAM. Prosesa yenyewe bado inalala. Chomoa umeme, halafu tazama: prosesa inapata umeme wapi?"

Eugénie akainama. Kando ya prosesa palikuwa na tundu la kebo, na halikuwa na kitu. Akapapasa nyuma ya bodi, akavuta kebo fupi iliyofungwa vizuri sana. Aliitambua. Siku ile alidhani ni ya ziada, akaificha ili kazi yake ionekane safi.

Akaichomeka na kuwasha. Kompyuta ikapiga kelele kali. Akazima, akachomoa umeme, akairudisha RAM ileile aliyoichomeka Uwamariya, akawasha tena. Maandishi meupe yakajaa kwenye skrini ya dukani.

Constance alikuwa amekunja mikono. "Nangoja."

"Nisamehe, mama," Eugénie akasema mbele ya wateja wote, machozi yakimtoka. Sasa alijikasirikia mwenyewe.

"Na hiyo RAM, nani aliweka?"

"Mwenzake," Mwalimu Marthe akajibu. "Huyu alimfukuza."

"Eh! Basi samahani kubwa iko huko kwenu. Hii yangu ni ndogo."

Jioni hiyo Eugénie alimkuta Uwamariya nyuma ya nyumba yao akipepeta maharagwe. Akamweleza yote. Uwamariya hakuacha kupepeta. "Ulinifukuza mbele ya watu," alisema. "Kuniomba samahani unakuja kwa kujificha?"

Basi Jumamosi iliyofuata Eugénie alisimama ukumbini, akasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa lake. Uwamariya alisikiliza, uso bado umekunjamana. Kisha akasema, "Ifungueni yote. Nataka niiunde mwenyewe tangu mwanzo. Na yeye anishikie tochi."

Ikafunguliwa. Uwamariya akaiunda polepole, Eugénie akimmulikia. Kitufe kilipobonyezwa, skrini ikawaka.

Mwalimu Marthe akangoja makofi yatulie. "Kitu kikikataa kuwaka, wanangu, pima kimoja, kisha kingine, na uanze na kile ulichokishika wewe mwenyewe. Eugénie alikasirika akataja jina la mtu kabla hajapima. Na nyinyi mlionung'unika, mlipima nini? Kebo imechomekwa kwa dakika moja. Uchungu wa Uwamariya hautaisha kwa dakika moja."

Watoto wakatazama chini. Uwamariya, bila kutabasamu bado, akasogea kidogo kwenye benchi mbele ya skrini. Eugénie akazima tochi, akaketi kando yake.